Maji ya Mlima Meru na Dhamana ya Afya

Neno "haki" katika lugha yetu limezoea kusimama mbele ya mtu aliyekosa. Tunadai haki kwa aliyetunyang'anya, kwa aliyetupunja, kwa aliyetudhulumu. Mkulima huidai kwa jirani aliyesogeza mpaka wa shamba; mfanyakazi huidai kwa tajiri aliyemkata mshahara bila sababu. Ndiyo maana tunapoambiwa kwamba afya ni haki ya kila binadamu twakubali kwa haraka, na pengine twakubali bila kufikiri, kwa kuwa mara moja twamwona mbele yetu mwuza dawa mlanguzi, au mganga mzembe, au kiongozi aliyekula fedha za zahanati. Hapo dai linaeleweka na mdaiwa anajulikana. Lakini je, kama maradhi hayakuletwa na mtu ye yote? Kama aliyeyaleta ni mlima?

Swali hili si mchezo wa maneno. Linaulizwa kila siku, ingawa si kwa maneno haya, na watu waishio katika miteremko ya Mlima Meru na katika tambarare zilizo chini yake. Mlima huu wenye urefu wa mita 4,566 ni volkano, na mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Miamba na majivu yake ndiyo yaliyoifanya ardhi ya Arumeru kuwa na rutuba inayosifiwa, ardhi ya kahawa, migomba, mahindi na maharage. Lakini majivu hayo hayo yana madini ya floraidi kwa wingi. Mvua inyeshapo hupenya ardhini, hupita katika miamba hiyo, huyeyusha floraidi na kutokea tena chini kama chemchemi na mito. Maji ni maangavu, ni baridi, ni matamu kinywani. Hakuna jicho wala ulimi unaoweza kuitambua floraidi iliyomo ndani yake.

Wazee wetu hawakuwa watu wa kunywa maji bila kuyatazama. Waliyaita maji kwa sura yake. Mto ulio na rangi ya kahawia uliitwa Maji ya Chai, na kijiji kikachukua jina hilo. Upande wa kaskazini mashariki mwa mlima Wamaasai waliita Ngarenanyuki, yaani maji mekundu. Majina hayo ni elimu, nayo yastahili heshima. Hata hivyo ni elimu ya kile kinachoonekana. Katika mito hiyo miwili floraidi imepimwa na kuonekana kuzidi miligramu 10 katika lita moja, na yapo maji mengine katika eneo hilo hilo, yasiyo na rangi yo yote ya kumwonya mtu, ambayo nayo hayafai. Tena ziko chemchemi za juu mlimani zenye floraidi kidogo tu. Nyumba mbili za ukoo mmoja zaweza kunywa maji yenye tabia mbili tofauti, na zisijue.

Madhara yake ni haya. Jino la kudumu la mtoto huanza kujengwa ndani ya ufizi tangu uchanga wake, na gamba lake la nje huendelea kuumbika hadi umri wa miaka minane hivi. Floraidi ikiwa nyingi katika miaka hiyo, jino huota likiwa na madoa, kisha hugeuka kuwa la manjano au la kahawia, na mara nyingine huchimbika na kumong'onyoka. Mtu akinywa kiasi kikubwa kwa miaka mingi floraidi hujikusanya katika mifupa; viungo hukakamaa, mgongo huuma, na wapo watoto ambao miguu yao hupinda. Meno yaliyokwisha kuharibika hayarudi. Yafaa pia kukumbuka jambo moja ambalo kwangu ni la ajabu: maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya. Kwa miezi ile mwili wa mama ni chujio la mtoto. Hatari huanza siku ile anapopewa kikombe cha kwanza cha uji.

Mimi ni mmoja wa waliokunywa uji huo. Nilipokuwa kijana nilikwenda kuomba kazi katika ofisi moja, katika mji ulio mbali na kwetu. Bwana mmoja wa makamo alinihoji vizuri, akayapenda majibu yangu, na mwishoni akaniuliza, kwa upole wala si kwa dhihaka, kama kwetu miswaki inapatikana. Nikamjibu, "Ndiyo, mzee, inapatikana." Sikumwambia kwamba asubuhi ile nilikuwa nimepiga mswaki mara tatu. Walimu wanaofundisha katika sehemu hizi wanajua habari hii kuliko mimi: mwanafunzi acheka huku ameweka mkono mdomoni; msichana hodari wa hesabu hataki kusimama mbele ya darasa. Tumelizoea jambo hili hata tumelifanya alama ya kutambulishana. Msafiri wa Arusha akifungua kinywa ugenini, wenyeji husema wamekwisha kujua atokako.

Swali la yule bwana lilikuwa na mizizi ya heshima. Taifa letu lilijifunza kwa juhudi kubwa kwamba afya ya mtu imo mikononi mwake. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kufyeka majani kandokando ya nyumba. Nadhani hakuna jambo jingine katika historia ya nchi hii linaloonyesha vizuri zaidi kwamba watu maskini wanaweza kujikinga na maradhi bila kumsubiri mfadhili. Siandiki kuidharau kampeni ile. Naandika kuonyesha mahali inapofika mpaka wake.

Mama mmoja wa Kingori au Leguruki aliyesikiliza mafundisho hayo kwa makini alijifunza kuchemsha maji ya kunywa. Alikata kuni, akachemsha, akafunika mtungi. Kwa kufanya hivyo aliua vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo, na bila shaka aliokoa watoto wake. Lakini floraidi haifi kwa moto, maana haina uhai. Maji yanapochemka sehemu moja huondoka kama mvuke, nayo floraidi hubaki ile ile katika maji yaliyopungua. Kwa hiyo mama aliyetii aliongeza, ingawa kwa kiasi kidogo, kile alichotaka kukiondoa. Je, tutamwambia kwamba amezembea? Tutamwuliza habari za mswaki? Ikiwa afya ni wajibu wa mtu binafsi peke yake, basi mtu huyu ametimiza wajibu wake wote, na bado mwanawe ameota meno ya kahawia.

Hapa ndipo hoja ya mlima hujitokeza kwa nguvu. Husemwa: hakuna aliyekosa. Mama hakukosa, Serikali haikuiweka floraidi katika mwamba, na mlima hauna hukumu. Ni majaliwa, kama ukame au tetemeko. Na pasipo mkosaji hapana haki ya kudaiwa; iliyopo ni huruma tu, na huruma hutolewa kwa hiari.

Hoja hiyo yaonekana kuwa na mantiki, lakini naona imejengwa juu ya kosa moja. Inachukulia kwamba wajibu huzaliwa na hatia peke yake. Katika maisha yetu ya kila siku hatuamini hivyo. Mtu apitaye njiani akaona mtoto wa jirani anachezea ukingo wa kisima, hakukichimba yeye kisima wala hakumwacha mtoto pale. Lakini akipita bila kumshika mkono, kijiji kizima kitamwuliza. Kitamwuliza kwa sababu mbili: aliona, na aliweza. Kabla ya kuona hakudaiwa kitu. Baada ya kuona hawezi kurudi kuwa mtu asiyeona. Basi mlima ulikuwa majaliwa mpaka siku ile maji yake yalipopimwa. Tangu siku hiyo kila mtoto anayepewa maji yale anapewa na watu wanaojua.

Na watu walijua mapema. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini, ambao lengo lake lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1974 viliwekwa viwango vya muda kwa maji hayo ya vijijini, na kiwango cha floraidi kiliruhusiwa kufika miligramu 8 katika lita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1984 na ya baadaye, limeshauri isizidi 1.5. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kugawanya: 8 ni zaidi ya mara tano ya 1.5.

Wapo wanaoitazama tarakimu hiyo kama aibu. Mimi sikubaliani nao, na ningependa msomaji avumilie nieleze kwa nini. Taifa lile lilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Mamia ya vijiji yalikuwa yakichota maji katika madimbwi waliyonywea ng'ombe, na mtoto aliyekufa kwa kuhara hakufikia umri wa kuota meno ya kudumu. Kama 1.5 ingeshikwa kama sheria isiyopinda, visima vingi vya mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga vingefungwa, na mama angerudi kwenye dimbwi. Mtu anayechagua baina ya madhara mawili hujitwika uzito, na uzito huo si sawa na dhambi. Kilichoandikwa mwaka 1974 kilikuwa uchaguzi wa maskini mwenye akili.

Lakini kiliitwa cha muda. Neno hilo "muda" ndilo lenye dhamana yote ndani yake. Anayesema "kwa muda" ameahidi kurudi. Ameahidi kwamba yuko mtu anayehesabu miaka, anayepima tena, anayejua ni vijiji vipi vilivyovumilishwa na kwa sababu gani. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na meno yake yote ya kudumu katikati ya miaka ya 1980, na kwake yeye muda ulikuwa umekwisha. Kiwango kilishushwa baadaye hadi 4, na hivi sasa kiwango cha taifa ni 1.5, sawa na cha dunia. Ni hatua kubwa. Hata hivyo tarakimu katika daftari haisafishi kisima. Kwa wengi wanaoishi chini ya mlima, maji yaliyokuwa halali kwa 8 na yaliyokuwa haramu kwa 1.5 ni maji yale yale.

Kuhusu haki iliyoandikwa sitasema mengi, kwa kuwa walimu wa uraia wanaifahamu. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948 liliitaja afya miongoni mwa mambo anayostahili kila mtu. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulizitaka serikali ziwajibike kwa afya ya watu wao, na papo hapo ukasema watu wenyewe washiriki kuipanga. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, unaitambua haki hiyo katika ibara yake ya 16. Katiba yetu, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa maradhi. Lakini ibara ya 7 inaeleza kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa amri ya mahakama. Mahakama ya Afrika yenyewe makao yake yako Arusha tangu mwaka 2007, mjini hapo hapo ambapo mtumishi wa hoteli akicheka mgeni huuliza kulikoni. Naona si busara kulaumu ibara hizi kwa kutokuwa na meno. Mahakama hutafuta mkosaji, nasi tumekwisha kuona kwamba hapa mkosaji hayupo. Lililopo ni dhamana.

Neno hili dhamana lina historia ya pekee katika mlima huu. Novemba 1951, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini: Waingereza waliishika, kwa maneno ya mkataba, kwa niaba ya watu wake. Wameru walilishika neno hilo. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kusimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa na kuuliza ni mdhamini gani huyu anayemnyang'anya aliyewekewa amana. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini swali lilisikika, na wengi walioshiriki kuchanga walijifunza siasa kwa njia hiyo.

Kesi ile ilikuwa na mdaiwa wazi. Ile ya maji ya Ngarenanyuki iliyoikuta baada ya Uhuru haina, nayo ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa sasa wadhamini ni sisi. Mtoto wa miaka mitatu hachagui kisima. Meno na mifupa yake imewekwa amana kwa watu wengine, na kila mmoja wao ameshika sehemu ambayo mwenziwe hawezi kuishika.

Tazama kazi ya kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji. Kwa miaka mingi wataalamu wa hapo wamefundisha njia ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri, husagwa chenga, hujazwa ndani ya ndoo au tangi, na maji hupitishwa humo. Mfupa huikamata floraidi na kuishika. Jambo hili halina uchawi wo wote: mfupa uliochomwa hufanya ndani ya ndoo kile kile ambacho mfupa wa mtoto hufanya ndani ya mtoto. Wapo waliosita kunywa maji yaliyopita katika mifupa, kwa sababu ya dini au kinyaa, na wasiwasi wao unastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwaonyesha mifupa ni ya mnyama gani na imetoka wapi. Wataalamu wengine wamefuata njia nyingine. Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake la maji.

Lakini mkaa wa mifupa hushiba. Baada ya muda hauwezi kushika zaidi, na maji hutoka yakiwa na floraidi kama yalivyoingia, huku yakiwa maangavu vile vile. Mwenye nyumba hataona tofauti. Ataendelea kumpa mwanawe maji ya chujio kwa moyo mweupe. Kwa hiyo chujio pasipo mpimaji ni faraja tu, na kupima ni kazi isiyoweza kufanywa na kaya moja moja. Hapa naona mpaka ulio wazi baina ya wajibu wa mtu na wajibu wa umma: mtu hawezi kulaumiwa kwa kile asichoweza kukijua, na aliye na kipimo hawezi kusema hiari ni ya mwenye nyumba.

Kadhalika mwenye nyumba ana sehemu yake ambayo hakuna waziri atakayemfanyia. Sisi watu wa huku hupika makande na maharage kwa magadi ili yaive upesi na kuokoa kuni. Magadi nayo, hasa yale ya kuokotwa, mara nyingi huwa na floraidi. Mtoto anayekunywa maji yaliyopatikana kwa taabu kutoka mbali, kisha akala maharage ya magadi, amerudishiwa kwa mkono wa kushoto kile alichoondolewa kwa mkono wa kulia. Bibi hatapenda kusikia hivyo, maana kwake makande bila magadi si makande. Ni lazima aambiwe, na aambiwe na mjukuu aliyesoma, kwa adabu, pengine kwa kumwomba ampikie mdogo chungu chake peke yake.

Mji wa Arusha umepata nafuu yake. Mradi mkubwa wa maji wa miaka ya karibuni, uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 500, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeleta maji ya visima vya mbali, na maji yenye floraidi nyingi huchanganywa na yenye kidogo ili kiasi kipungue. Ni kazi ya kusifiwa. Vijiji vilivyo pembezoni, ambavyo tangu mwaka 2019 viko chini ya Wakala wa Maji Vijijini, havina wingi wa watu wa kulipia mitambo kama hiyo, nayo hesabu ya gharama kwa kila kichwa itawaweka mwisho daima. Sina ugomvi na hesabu. Nauliza tu kama mtoto wa Ngarenanyuki ana mifupa michache kuliko wa mjini.

Niliwahi kuitembelea shule moja ya msingi chini ya mlima. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa na ndoo mbili mlangoni: moja ya maji ya mvua kwa kunywa, nyingine ya maji ya bomba kwa kunawa. Kwa kuwa watoto hawakujua kusoma bado, alikuwa amepaka rangi nyekundu mfuniko wa ile ya kunawa. Rangi walinunua wazazi. Nikamwuliza alijuaje kwamba maji ya bomba hayafai. Akasema alikuja mtaalamu akayapima, akamwandikia tarakimu kwenye kipande cha karatasi, nayo bado anayo ndani ya daftari la mahudhurio. Nikamwuliza yatapimwa tena lini. Akanitazama kidogo, akasema, "Yule bwana alihamishwa, ndugu yangu," kisha akarudi kumwelekeza mtoto mmoja ambaye alikuwa amekwisha kutia kikombe katika ndoo ya mfuniko mwekundu.